Galoni Moja ya Landrova na Galoni Moja ya Pijo

Ninyi vijana mnaopita hapa kwangu Mafiga na magari ya zamani mliyoyafufua, mkiniuliza kila mara kati ya Landrova na Pijo lipi lilikuwa gari, leo nawajibu kwa kalamu. Mdomo wangu ukianza habari hizi hukimbilia utani, na ukifika mahali penyewe unaruka. Mahali penyewe ni pabaya kwangu. Nimekuwa fundi wa magari ya serikali hapa Morogoro zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu nikiwa na vidole vyote kumi, na kwa fundi hilo si jambo dogo. Lakini zipo siku chache za kazi ile ambazo hata leo sipendi kuzikumbuka.

Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu yake jedwali la magari haya mawili, huku Landrova, kule Pijo 404, namba zimepangwa safi. Nikalisoma, nikamrudishia simu yake, nikasema ninahitaji maji ya kunywa. Alidhani ni uzee. Haukuwa uzee.

Basi tuanze na hizo namba, maana mnazipenda. Landrova yetu ilikuwa ya petroli, silinda nne, injini ya lita mbili na robo. Pijo nayo silinda nne, lita moja nukta sita. Mkitazama nguvu za farasi mtacheka, kwa sababu zilikuwa sabini na kitu huku na sabini na kitu kule. Injini kubwa na injini ndogo zinatoa nguvu karibu sawa, sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye namna nguvu inavyotumiwa. Pijo ilikuwa nyepesi, inazunguka haraka, na kwenye lami ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inavuka kilomita mia na thelathini kwa saa huku dereva anapiga hadithi. Landrova ikifika mia moja inatetemeka mpaka unaanza kukumbuka madeni yako kwa Mungu. Lakini Landrova ilikuwa na vifundo viwili vya ziada pale sakafuni, cha njano na chekundu. Ukibonyeza cha njano, magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Ukivuta chekundu, gari linashuka kwenye gia za chini kabisa, linatambaa mlima polepole kama kobe na halirudi nyuma. Jedwali la simu lilisema hayo kwa neno moja. Neno moja halitoshi kwa mtu aliyewahi kupanda milima ya Mgeta wakati wa masika.

Pijo ilikuwa gari la kukaa. Ukipita nayo barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati la nyumba, chai iliyomo kwenye kikombe inabaki kikombeni. Landrova ukishuka, mgongo unakuuliza umekosa nini. Mwili wa Landrova ulikuwa wa aluminiamu, haushiki kutu. Wa Pijo ulikuwa chuma, na tope la Morogoro linajua kutafuna chuma. Difu ya Pijo, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilitaka mafuta yake maalumu ya nyonyo. Ukiyachanganya na mafuta ya kawaida yanaganda kama uji, na najua hivyo kwa sababu niliyachanganya, mwezi wangu wa kwanza kazini. Nilikesha natoa uji ule kwa kijiko cha nyumbani. Kijiko chenyewe sikukirudisha jikoni, na mke wangu alikiulizia mwaka mzima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kobelo, fundi mkuu wa karakana yetu. Mluguru wa kule kule Mgeta, Mkatoliki wa kanisa kila Jumapili, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Mimi nilikuwa kijana wa Tabora, jina langu Saidi, nimekuja na cheti na kiburi kidogo. Mzee Kobelo hakuwa na cheti. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akakwambia ni valvu ya ngapi inayogonga. Tangi likitoboka alichukua sabuni ya kufulia, akaikanda, akaziba tundu, gari likaenda na kurudi. Jaribuni, sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Siku ya kwanza aliponiambia nitoe Pijo kwenye banda, nilipapasa sakafu nzima natafuta gia, na gia ya Pijo iko kwenye usukani. Akaniacha nipapase, akasema, "Saidi, ukimaliza kufagia hapo chini, gia iko mbele ya pua yako."

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu spidomita, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Miaka ile ya Ujamaa nchi ilikuwa inaacha maili na kushika kilomita. Likaja agizo kwamba magari yote ya serikali yasome kilomita. Pijo haikuwa na tabu, ilitoka kiwandani ikisoma kilomita. Landrova ilisoma maili, na spidomita mpya zilikuwa hazipatikani, kama ambavyo tairi zilikuwa hazipatikani, na sukari pia. Mzee Kobelo akasema tupake rangi. Kazi akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Nikafungua kioo, nikapaka uso wote rangi nyeusi, kisha kwa brashi nyembamba nikaandika namba mpya nyeupe. Penye maili thelathini nikaweka alama ya karibu kilomita hamsini, na kuendelea hivyo hivyo, na chini nikaandika KM kwa herufi za kupendeza. Karakana nzima ilikuja kutazama. Sindano sasa ilisema kilomita, na ilisema kweli.

Lakini katika uso ule ule kuna kidirisha kidogo chenye namba zinazohesabu urefu wa safari. Namba zile huzungushwa na meno madogo yaliyomo ndani, na brashi yangu haikuyafikia. Zenyewe ziliendelea kuhesabu maili kama zilivyozaliwa. Nililijua hilo siku ninapaka rangi. Nikajiambia nitamwambia Mzee Kobelo, kisha watu wakaanza kusifia herufi zangu, likanitoka kichwani.

Ikapita miezi. Petroli ikawa ya mgawo, galoni chache kwa mwezi, na Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea. Ndipo Ofisa Usafirishaji wetu, bosi wa karakana, akaleta agizo jipya. Gari lolote lisilofikisha kilomita ishirini kwa galoni lisimamishwe, lipandishwe kwenye mawe, na spea zake zipewe magari mengine mkoani. Sisi tulikuwa na magari mawili ya kupimwa. Moja ni Pijo, iliyombeba Ofisa mwenyewe na wageni wake. La pili ni Landrova ya Nesi Perpetua.

Nesi Perpetua alikuwa muuguzi wa makamo, mrefu, mkimya, watu wakimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Kila Alhamisi Landrova ilimpandisha vijiji vya juu ya Mgeta, akachanja watoto na kupima wajawazito. Surua ilikuwa inaua watoto kule. Malori ya kabichi yalifika Mgeta yakaishia hapo. Kwenda juu zaidi hakuna gari lililoweza ila Landrova ile na vifundo vyake viwili. Landrova ikipandishwa kwenye mawe, chanjo nayo imesimama. Hilo nililijua vizuri tangu siku ya kwanza, kwa hiyo msije mkaniambia sikujua.

Kipimo nilikifanya mimi. Njia ni rahisi na inafaa hata leo. Chukua kopo la galoni moja, lifunge juu ya usawa wa kabureta, ondoa paipu ya mafuta ya gari, ingiza mpira unaotoka kwenye kopo. Soma namba, washa, nenda mpaka gari lizime lenyewe kwa kukosa mafuta, kisha soma tena. Kwenye Landrova kopo nililifunga juu ya tairi la akiba, lile linalokaa kwenye boneti. Kwenye Pijo nililifunga kwa kamba na matambara, na Ofisa alizunguka gari mara tatu akihofia rangi yake.

Pijo niliipeleka lami, njia ya Dar, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ikazima baada ya kilomita arobaini na moja. Landrova niliipeleka njia ya Mgeta, nyuma nimeweka magunia ya mchanga badala ya dawa. Ikazima kwenye kona moja ya mlima, mabondeni wanawake wanapalilia njegere. Nikatazama kidirisha. Kumi na tano. Nikaandika, kilomita kumi na tano.

Nilimpelekea Mzee Kobelo karatasi. Akaishika mbali na macho, miwani yake ilikuwa nyumbani.

"Kumi na tano?" akasema. "Landrova ile ile?"

"Ndivyo ilivyosoma, mzee."

"Hunywa mafuta, najua hunywa. Lakini kumi na tano." Akafikiri kidogo. "Uliangalia kabureta?"

"Nimeangalia. Haina tatizo."

"Haya. Wewe ndiye uliyekuwepo," akasema, akatia saini chini ya yangu.

Vijana, ile ilikuwa Jumatano. Alhamisi Landrova ikaenda safari yake na Nesi Perpetua, na Ijumaa asubuhi Ofisa akaidhinisha isimamishwe. Mimi nilisikitika, siwafichi, lakini nilisikitika kama mtu anayesikia habari za jirani. Namba zilikuwa zimesema.

Ijumaa hiyo hiyo nikatumwa Kingolwira, stesheni, kuchukua kreti la betri lililoshushwa na treni. Nikaambiwa nichukue Landrova, iende safari yake ya mwisho. Kando ya barabara walikuwa wamesimamisha nguzo ndogo mpya za zege zilizopakwa chokaa, moja kila kilomita. Nilikuwa nimechangamka, nikawa nazihesabu kwa mdomo kama mtoto anayejifunza namba. Nguzo ya nane baada ya ile niliyoanzia ilipopita nikatupa jicho kwenye kidirisha kwa mazoea tu. Nilikuwa nimekitazama pia kwenye nguzo niliyoanzia, na tangu hapo kilikuwa kimesogea tano.

Nilisimamisha gari. Nikashuka, nikasimama barabarani, nikarudi ndani nikatazama tena, kana kwamba ingebadilika. Kilomita nane, maili tano. Brashi yangu, herufi zangu za kupendeza. Nikapiga hesabu kwenye vumbi la boneti kwa kidole. Maili kumi na tano ni kilomita ishirini na nne. Landrova ilikuwa imefaulu, tena kwenye mlima, tena na mchanga mgongoni. Mimi ndiye niliyeifelisha.

Nikapangusa hesabu ile kwa mkono wa shati, na kwa nini niliipangusa sijui, barabara nzima nilikuwa peke yangu.

Njia nzima ya kurudi nilijipanga. Nitafika, nitashuka, nitakwenda moja kwa moja kwa Ofisa, nitasema Ndugu Ofisa, nimekosea. Maneno machache tu. Niliyasema kwa sauti humo garini mpaka yakawa mepesi. Nilipoingia karakana Ofisa alikuwa amesimama uani ananisubiri, anatabasamu, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kutabasamu.

"Ndugu Saidi," akasema, "taarifa yako nimeisoma mara mbili. Safi sana. Hivi ndivyo tunavyotaka, kazi ya kisayansi. Nimepeleka jina lako kwa ile kozi ya Dar es Salaam."

Kozi ile nilikuwa nimeiota miaka miwili. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ahsante sana, ndugu."

Sasa mnajua mimi ni mtu wa namna gani.

Nilikwenda kumtafuta Mzee Kobelo, angalau nimwambie yeye. Nikaambiwa ametoka mapema, amepanda kwao Mgeta kwenye msiba, atarudi Jumapili. Nilisikia nafuu. Nafuu ile ndiyo inayonichoma zaidi kuliko mengine yote. Nilikwenda nyumbani, sikula, mke wangu akanishika kipaji cha uso akidhani ni malaria.

Jumamosi asubuhi Ofisa akaniita. Kuna lori linaondoka saa sita mchana kwenda Ifakara, akasema, na wenzetu kule Landrova yao imeharibika giaboksi. "Itoe ya kwetu iende. Si imeshasimama?"

Nikasema ndiyo, imeshasimama.

Mkitaka kujua namna ya kutoa giaboksi ya Landrova ile, haitoki kwa chini kama ya Pijo. Unaitoa kwa juu, kupitia ndani. Unatoa viti, unatoa sanduku zima linalobeba viti, unatoa sakafu, boliti baada ya boliti, nyingine zimeoza, kisha unafungua giaboksi kwenye injini, mnainyanyua watu wanne mnaitoa kwa mlango. Kazi ya asubuhi nzima kwa anayeijua. Niliijua. Nikaanza na viti, nikajiambia, nikimaliza viti nitakwenda kusema. Nikamaliza viti. Nikajiambia, ngoja nitoe sakafu, kwa vyovyote sakafu hutolewa hata kwa kusafisha. Nikatoa sakafu. Ofisi ya Ofisa ilikuwa hatua ishirini, mlango uko wazi, namwona anaandika. Boliti za giaboksi zikabaki nane. Nikajiambia ikibaki moja. Spana ikanichomoka mara mbili, jasho linaniingia machoni, na wenzangu wananitania kwamba kozi imeshanipanda kichwani kabla sijafika Dar. Ikabaki moja. Nikaifungua.

Saa sita kamili lori lilitoka getini na giaboksi ile nyuma, imefunikwa turubai. Nililisindikiza kwa macho mpaka likakata kona.

Jumapili saa nne nikaenda nyumbani kwa Mzee Kobelo, hapa hapa Mafiga, nyumba ya tatu kutoka ninapoishi sasa. Nilimkuta nyuma ya nyumba na mke wake, wanachambua maharage aliyoyaleta kutoka kwao.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, chambua," akasema. "Usikae bure."

Nikakaa, nikachambua. Nikasema huku nachambua, maana mikono ikiwa na kazi mdomo ulikuwa unaweza. Nikamwambia habari za kidirisha, nguzo nane, kilomita ishirini na nne. Nikamwambia nilijua Ijumaa. Nikamwambia nani alitoa giaboksi Jumamosi. Mke wake aliacha kuchambua, akainuka, akaingia ndani.

Mzee Kobelo akamwita mke wake amletee miwani. Akaivaa, akanitazama kwa miwani ile kama ambavyo angesoma karatasi.

"Ningeivaa Jumatano," akasema, "tusingekuwa hapa. Saini ni yangu."

"Mzee, kosa ni langu."

"La Jumatano ni letu wote. La Jumamosi ni lako." Akarudi kwenye maharage. "Kesho saa moja na nusu uwe mlangoni kwa Ofisa. Nitakuwepo."

Alikuwepo, amevaa shati lake la kanisani. Nilisema maneno yangu, na hayakuwa mepesi tena. Ofisa alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa. Alikuwa na haki ya kunifukuza na nadhani alitaka. Mzee Kobelo akasema, kwa sauti yake ile ya chini, "Ndugu Ofisa, karatasi ile imetoka na majina mawili. Ukikata jina, ukate yote mawili." Ofisa akamtazama, akanitazama, akachukua simu. Alipiga Ifakara. Ilichukua nusu saa kupata laini, nasi tumesimama. Walimjibu kwamba giaboksi imeshafungwa tangu jana, gari lao limeshatoka na mgonjwa, wanashukuru sana.

Ofisa akaweka simu chini. Landrova akairudisha kwenye orodha ya magari yanayotembea, kwa wino, mbele yetu. Kwenye orodha ilitembea. Uani ilikuwa juu ya mawe, na giaboksi nyingine kutoka Dar ilichukua miezi mitatu kufika. Jina langu la kozi likafutwa, akaenda mwenzangu. Hilo halikuniuma hata kidogo, na nashangaa mpaka leo lilivyokuwa halina uzito.

Tulipotoka nje Mzee Kobelo akasema, "Kwa Ofisa nimekusaidia. Sista utamwambia mwenyewe."

Nikamkuta Nesi Perpetua stoo ya dawa anapanga sindano kwenye trei. Alishasikia gari limekufa, hakusikia limekufaje. Nikamweleza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Na hiyo giaboksi imeondoka Jumamosi saa ngapi?"

"Saa sita mchana, Sista."

Akarudi kwenye sindano zake. Nilisimama pale nikingoja anitukane, na ningeshukuru. Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Alhamisi saa kumi na moja asubuhi, kituo cha malori. Uje na viatu vizuri."

Nikaomba ruhusa kazini, Mzee Kobelo akanipa kabla sijamaliza kuomba. Alhamisi lori tupu la kabichi likatufikisha Mgeta, jua halijapata nguvu. Kutoka hapo tukapanda kwa miguu. Nesi alibeba mkoba, mimi nilibeba sanduku la chanjo kichwani, limejaa barafu, na sanduku lile kwenye Landrova sikuwahi hata kulifikiria kama kitu chenye uzito. Njia ni mteremko upande mmoja na ukuta wa udongo upande wa pili. Shingo ilikufa ganzi. Sista alitembea mbele, hageuki, na kila baada ya muda anatazama saa, kwa sababu barafu haingoji mtu. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, kwamba barafu itayeyuka, kwa hiyo nilikuwa nakaribia kukimbia, na nikikimbia sanduku linayumba, na likiyumba naogopa litaanguka. Hivyo ndivyo tulivyopanda.

Tulifika kijiji cha kwanza karibu saa nne. Kuna uwanja mdogo mbele ya kanisa la misheni, hapo ndipo walipokuwa wakikusanyika. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama za akina mama wanaosubiri tangu alfajiri. Uwanja ulikuwa mtupu. Kuku wawili, na fomu ya mbao ya kukalia, imesogezwa ukutani.

Nikatua sanduku. "Sista, wako wapi?"

Akakaa kwenye ile fomu, akafungua mkoba. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akanitazama usoni.

"Wako mashambani," akasema. "Hawana saa, Saidi. Husikia gari. Likianza kunguruma pale kwenye mlima mkali, kwa gia ile ya chini, linasikika vilima vyote vitatu. Wanaacha majembe, wanawafunga watoto mgongoni, wanashuka. Linapofika hapa na wao wamefika. Leo wamesikia nini?"

Nikauliza nifanye nini.

"Nenda ukawaite. Nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Barafu itafika saa saba, ikibahatika."

Nilipanda mashamba yale nikikimbia, mtu wa Tabora, mtu wa nchi tambarare, napiga hodi kwenye nyumba zilizofungwa, naita kwenye miteremko ya njegere. Wengi walikuwa ng'ambo ya bonde, wananiona wananipungia mkono, sauti haifiki. Shamba la kwanza nililofika nilimkuta mama mmoja na mtoto wa miezi kama minane, kamlaza kwenye kanga kivulini mwa migomba. Nikamwambia Sista amekuja, chanjo ipo, ashuke haraka.

Akaweka jembe chini. "Mbona hatujasikia gari?"

"Limekufa, mama."

"Limekufa? Lile?" Akasikitika kweli, kama mtu amepewa habari za msiba. "Jamani. Nani kaliua?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama, akadhani natania, akaona sitanii. Akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni, akanipita, akateremka.

Siku za Landrova walikuwa wanafika watoto sitini, wakati mwingine zaidi. Siku ile barafu ilipoisha tulikuwa tumechanja tisa.